Chungu Kilichokwenda Mahakamani Bila Wito

"Wewe Ernesta ni mwongo na mwizi, na uzee umeviivisha vyote viwili!"

"Punguza sauti, wifi. Hapa ni mahakamani."

"Ndipo ninapopataka! Ningekutukania sokoni, ningewapata wapi mashahidi waliokwisha kukaa kwenye benchi?"

Na kweli walikuwa wamekaa. Watu arobaini, shingo zote zimegeukia kwetu, hakuna aliyekumbuka tena kesi iliyomleta. Asteria atawaambia walikuwa kumi na wawili. Mwacheni aseme. Anayesimulia ni mimi.

Asteria ni dada wa marehemu mume wangu Elibariki. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa kusubiria wa mahakama mpya hapa Same, mkoba kwapani, kidole kimenyooka kuelekea ukutani. Ukutani palikuwa na picha ya chungu. Na juu ya ngazi, kando ya picha hiyo, nyundo mkononi na msumari mdomoni, alikuwa Nathanaeli, mdogo wao wa mwisho, fundi aliyeichora. Msumari wa kwanza alikwisha kuupiga. Wa pili ndio huo uliokuwa mdomoni.

"Nathanaeli, nijibu," Asteria akaamuru. "Hicho chungu ni cha nani?"

Nathanaeli akautoa msumari mdomoni, akautazama, akaurudisha.

"Usimsumbue shemeji yangu, anafanya kazi ya serikali," nikasema. "Chungu ni chungu. Vyungu vyote duniani vina mdomo na tumbo, kama mimi na wewe."

"Si vyote vina pengo mdomoni upande wa kushoto! Pengo la umbo la sikio la mbuzi! Hicho ni chungu cha mama. Chungu ulichoniambia kimevunjika. Chungu ambacho vigae vyake nilivizika kwa mikono yangu hii, nikaviimbia wimbo wa kanisani beti zote sita!"

"Aaah!" benchi zima likasema.

Nilimjibu kwa Chasu, Kipare chetu, maneno ambayo Kiswahili hakina nguo za kuyavika, kwa hiyo nayaacha uchi hukohuko. Lakini moyoni nilikuwa nawalaani madaktari wa macho. Miaka mitatu Asteria alikuwa na mtoto wa jicho, hatofautishi mchungaji na mgomba, nami nikiishi kwa amani. Mwezi uliopita wakamtoa yule mtoto wa jicho, wakamvika na miwani. Asubuhi ile tulishuka pamoja kutoka Suji kuja kujivunia kazi za Nathanaeli. Njiani alinisomea kila kibao, hata vile ambavyo sikuomba.

Ndipo karani Athumani, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akatoa kichwa kwenye dirisha lake lililokuwa nusu wazi.

"Mama, shikamoo," akamwambia Asteria.

"Marahaba. Nataka kufungua kesi."

"Dirisha linafunguliwa saa mbili kamili. Utajaza fomu."

"Na ile picha? Ndiyo ushahidi wangu."

Athumani akaitazama picha, akakuna kidevu. "Ikiwa ndiyo ushahidi, basi itakuwa kielelezo. Kielelezo hakikai ukutani, mama. Kinashushwa, kinabandikwa namba, kinafungiwa stoo mpaka shauri liishe."

Mpaka shauri liishe! Msomaji ambaye si wa huku anaweza kudhani hayo ni maneno madogo. Sisi ndio tunaosemwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na wanaosema hivyo wanatupunguzia. Baba yangu aliniachia urithi wa vitu viwili: shamba la ndizi, na kesi ya shamba hilohilo. Shamba nililigawa kwa wanangu zamani. Kesi bado ni mbichi.

Nikatazama juu ya ngazi. Uso wa Nathanaeli ulikuwa umepauka kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikatazama saa ya ukutani: saa moja na nusu. Tulikuwa na nusu saa ya kumfunga Asteria mdomo, la sivyo picha inakwenda stoo kukaa na majembe yaliyotoboa vichwa vya watu, na Nathanaeli hataiona tena maishani.

Sasa ngojeni niwaambie Nathanaeli ni nani, ili mjue kwa nini nusu saa ile ilinizeesha kuliko miaka sabini na sita iliyoitangulia.

Nilipoolewa Suji nilimkuta ana miaka mitano, mweusi wa masizi kutoka nywele mpaka magoti, kwa sababu alikuwa anakula mkaa wa jikoni kwa vidole. Yaani anachora. Ukuta wa jiko la mama mkwe wangu, Bibi Agatha, ulikuwa umejaa vijiko, vinu, kuku, na mbuzi mmoja wa mwinjilisti, beberu mwenye ndevu. Yule mbuzi wa ukutani alifanana na mwenyewe hivi kwamba siku moja beberu halisi alipita mlangoni, akamwona mwenzake, akarudi nyuma hatua saba, akaja na pembe. Ukuta ukaanguka. Waulizeni watu wa Suji wa siku zile. Wote wamekwisha kufa, lakini waulizeni.

Shule mimi niliipita kwa nje, nikienda kukata majani ya mbuzi. Herufi nilizipata ukubwani, jioni za kisomo cha watu wazima, ndiyo maana zangu zimeinama mgongo. Nathanaeli aliingia ndani ya shule, akakaa miaka saba, na alichotoka nacho ni jina lake tu na uwezo wa kuchora ramani ya Afrika huku amefumba macho. Akashuka Same mjini kutafuta kazi ya rangi.

Kazi aliipata. Barabara kuu yote hii, kila kibanda cha nyama kilikuwa na ng'ombe wake, kila duka la mbegu lilikuwa na hindi lake, na mahindi yale ndege walikuja kuyadonoa wakaondoka na midomo iliyopinda. Vitu aliviweza. Ubaya ulianza vinyozi walipomtaka achore watu.

Nathanaeli ana uso mmoja tu mkononi, wa mama yake. Ukimwambia achore kijana, anachora Bibi Agatha. Ukimwambia mzee mwenye upara, anachora Bibi Agatha hana nywele. Kinyozi mmoja karibu na stendi aliagiza vichwa vinne vya mitindo ya kisasa, akapewa mama mkwe wangu mara nne: na kiduku, na panki, na rasta, na wa nne na masharubu. Madereva wa malori ya Tanga na Arusha walimzoea, wakawa wanampigia honi.

Siku moja Bibi Agatha mwenyewe akashuka kununua chumvi. Akafika pale kwa kinyozi, akasimama. Akajitazama mara ya kwanza, akajitazama mara ya nne.

"Nathanaeli mwanangu," akasema, "kiduku nimekubali. Lakini hata masharubu?"

"Samahani, mama. Mkono ndio unaokuja hivyo."

"Basi ungenichora na meno yote, maana na haya nimebakiwa na machache."

Alicheka njia nzima kurudi mlimani, chumvi ikamwagika, na ndiyo maana mpaka leo ng'ombe wanapenda kulamba ile njia.

Lakini nawaambia jambo ambalo halina kicheko. Rangi ya Nathanaeli haikai. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba kila mwaka linakuja gari lenye ndoo za rangi na vijana wawili, wa kampuni ya simu au ya soda, wanampa mwenye duka kofia na fulana, wanapaka ukuta mzima rangi moja na kuandika jina lao. Ng'ombe amekwenda, hindi limekwenda. Miaka arobaini amechora barabara nzima, na leo ukitembea tangu mwanzo wa mji mpaka mwisho hukuti kitu hata kimoja ukasema hiki ni cha Nathanaeli.

Bibi Agatha alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, hapakuwa na picha yake. Hakuwahi kupigwa, alisema kamera inamkunja. Baada ya mazishi Nathanaeli akashuka mjini peke yake kwenda kwa yule kinyozi kumwangalia mama yake. Akakuta ukuta mwekundu mtupu. Akachukua msumari, akakwangua, akakwangua, mpaka kinyozi akamshika mkono. Alipata sikio moja tu, na nusu ya masharubu. Hayo hakuniambia yeye, aliniambia kinyozi. Nathanaeli alirudi nyumbani, akala, na tangu hapo hajachora mtu tena.

Sasa mwaka huu ikaja mahakama mpya. Kuta nyeupe, sakafu ya vigae inayoteleza, na hakimu mgeni, Mheshimiwa Salha, mwanamke mdogo wa umri lakini akikutazama unakumbuka dhambi za utotoni. Akaona watu wanapigana kwenye ukumbi wa kusubiria kabla hata hajawaita. Mtu ukikaa saa tatu unatazama ukuta mweupe, utatazama nini kingine zaidi ya adui yako aliyekaa mkabala? Siku moja akapita kwenye kibanda cha matunda ambacho gari la ndoo lilikuwa bado halijakifikia, akaona ndizi za Nathanaeli, akanyoosha mkono kuziminya kama zimeiva. Akauliza fundi ni nani.

Masharti aliyompa Nathanaeli nayajua, maana ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuniletea.

"Usinichoree mtu," Mheshimiwa alimwambia. "Kila mtu hapa ana ndugu na ana adui, watasema nimempendelea. Usinichoree mlima, mlima una mipaka, na mipaka ndiyo nusu ya kesi zangu. Mnyama usithubutu."

"Nichore nini sasa, Mheshimiwa?"

"Vitu vilivyotulia. Vya nyumbani. Visivyo na mdomo wa kusema. Mtu avitazame akumbuke chakula, asahau ugomvi."

Mgeni yule! Alidhani kuna kitu katika milima hii ambacho hakijawahi kugombewa.

Nathanaeli hachori kitu kisichokuwa mbele yake. Akaenda kuazima: jembe kwa huyu, kigoda kwa yule, mkungu wa ndizi kwa Rodrick, kikapu cha mayai, tangawizi, ndoo na kata. Akachora kwenye mbao kubwa, moja moja, akazitundika. Watu wakaja kuangalia. Mnadhani walitulia? Mzee Fanueli wa Bendera alisimama mbele ya picha ya jembe akasema mpini ule ni wake, uliibwa mwaka wa ukame. Rodrick alipanda juu ya benchi akahesabu.

"Mkungu wangu ulikuwa na chane nane," akasema. "Hapa naona saba. Moja nani amekula?"

"Mimi," Nathanaeli akajibu.

"Kwa nini?"

"Ziliiva. Nachora polepole."

Kwa sababu, nisikilizeni, kwetu kitu kikishaingia mahakamani si kitu tena, ni ushahidi. Mheshimiwa alitaka mapambo. Watu wangu waliona vielelezo vimepangwa ukutani vinasubiri wenyewe. Mpaka hapo lakini yalikuwa maneno tu, Mheshimiwa alicheka, picha zikabaki.

Ikabaki picha ya mwisho, ya kuwekwa katikati, mkabala na mlango. Nathanaeli akapanda Suji, akaja jikoni kwangu, akasimama.

"Shemeji, niazime kile chungu."

"Chungu gani?"

"Kile."

Na hapa inabidi niseme ukweli, na mniwie radhi, sijazoea, unanikwaruza koo.

Bibi Agatha aliacha chungu kimoja cha makande. Chungu kile hakiunguzi. Utie mahindi makavu kama kokoto na maharage ya mwaka juzi, uende kanisani, uende na mkutanoni, urudi, utakuta yameiva yanakusubiri kwa adabu. Na siku ile alipokuwa anaaga dunia, alisema maneno mawili kuhusu chungu. Alisema, "Cha Asteria." Nilisikia. Masikio yangu siku hiyo yalikuwa mazima kabisa, kwa bahati mbaya. Asteria alikuwa nje anapokea wageni, hakusikia, ila aliahidiwa tangu zamani.

Basi siku ya kumaliza matanga nikachukua chungu cha kutamia kuku, cha zamani, nikakipiga chini. Nikalia kwa sauti. Nikasema beberu la jirani limeingia, limefukuzwa na fisi, fisi amefukuzwa na radi, na katika purukushani hiyo urithi wa wifi yangu umekwenda. Asteria akaokota vigae kimoja kimoja. Akavizika chini ya mgomba. Wifi yangu mpenzi alililia kitanda cha tetea, na akakiombea.

Miaka kumi na tisa nimepika kwenye chungu kile kwa mlango uliofungwa. Asteria akija mgeni, napika kwenye sufuria. Mara moja tu alinifumania, makande nimekwisha kuyapakua na chungu nimekificha, akala sahani nzima, machozi yakamtoka. "Ernesta," akasema, "umepata mkono wa mama." Nami nikainamisha kichwa, nikasema, "Ni neema tu, wifi." Mnaona jinsi ninavyosumbuka?

Nathanaeli alijua. Kila mara akipanda mlimani alikula kutoka chungu kile, na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hamwambii mtu chochote. Nikampa. Lakini nikamwekea sharti.

"Chora bila pengo."

Akatikisa kichwa kukubali. Kumbe mkono wake haukukubali. Pengo lile alilitia yeye mwenyewe, akiwa na miaka saba, alipogonga mdomo wa chungu kwa upawa akigombania ukoko, na mama yake hakumpiga, alimpa ukoko. Asubuhi ile nilipoliona pengo liko wazi ukutani kama mlango wa kanisa, nikamnong'oneza, "Nathanaeli, tulikubaliana nini?"

"Bila pengo si chenyewe, shemeji," akasema.

Hata mwongo mwenzako huwezi kumtegemea akishika brashi.

Basi turudi ukumbini, ilikuwa imebaki robo saa. Nathanaeli akashuka ngazi, polepole, akasimama mbele ya dada yake. Akautoa msumari mdomoni na safari hii hakuurudisha.

"Dada. Hii ikienda stoo haitarudi nikiwa hai."

"Sigombani na wewe, mdogo wangu. Nagombana na huyu kibibi."

"Lakini atakayeshushwa ni mama." Akaonyesha picha kwa nyundo. "Nyuso zake zote zimepakwa rangi. Huu ndio ukuta mmoja tu ambao gari la ndoo haliufikii."

Asteria akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Nikajua ameona nilichoona mimi: tumbo lile la chungu limechakaa upande mmoja kama kiuno cha mama mkwe wangu, na pengo lile ni pale alipokosa meno. Nathanaeli alikatazwa kuchora mtu. Alitii kama alivyoweza.

"Basi aseme," Asteria akasema, sauti imeshuka. "Ernesta aseme mbele ya watu hawa kumi na wawili."

"Arobaini," nikasema.

"Sema!"

Nikasimama. "Kwa kweli, wifi, chungu kilivunjika. Lakini mwaka uliofuata, mvua za masika, nilipita pale mgombani nikasikia vigae vinaitana chini ya udongo..."

Benchi likaangua kicheko. Hata Athumani kule dirishani aliinamisha uso kwenye daftari, mabega yanamcheza. Asteria hakucheka. Nathanaeli hakucheka. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama zamani, akiwa mtoto wa masizi, nikigawa ukoko.

Nikainama chini ya benchi. Kikapu kilikuwepo hapohapo, Nathanaeli alikileta ili anirudishie mali. Nikafungua kanga, nikatoa chungu. Watu wakatazama ukutani, wakatazama mikononi mwangu, ukutani, mikononi, kama wanaoangalia mpira.

"Hakikuvunjika," nikasema. "Mama alisema ni chako, nami nilisikia. Ulichozika kilikuwa cha kuku. Nilikitaka, wifi. Basi. Makande yake yalikuwa matamu kuliko haki."

Asteria akakipokea kwa mikono miwili. Akaingiza pua ndani.

"Kina harufu ya makande ya juzi."

"Hata mchoraji anakula," Nathanaeli akasema.

Nilidhani tumekwisha. Nikaanza kukaa. Asteria akaweka chungu kwapani upande ule usio na mkoba, akajinyoosha.

"Chungu nimepata," akasema. "Na miaka kumi na tisa? Na zile beti sita? Nimeombea kitanda cha tetea, Ernesta! Mungu alikuwa ananionaje kule juu?"

"Saa mbili kamili," Athumani akatangaza, akafungua dirisha lote. "Nani wa kwanza?"

"Mimi," Asteria akasema, akapiga hatua.

Kwetu mlimani mambo kama haya yana njia yake. Ukimkosea mtu unakata jani la sale, lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka na makaburini. Unalipiga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa sale hawezi kukataa, hata kama umemuua ng'ombe. Na akishalipokea analichomeka mlangoni pake, kila apitaye aone kwamba neno limekwisha. Lakini Same huku chini ni vumbi na miiba. Nje ya mahakama ile kuna minyaa tu, na ukimpelekea mtu mnyaa umemtangazia vita. Sale la karibu lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwenye bodaboda.

Nikainua macho kwa kukata tamaa, nikaliona.

Pale pichani, pembeni ya chungu, palikuwa na jani moja refu, kijani, limelala mezani. Nilikuwa nimeliona asubuhi na kulidharau. Nilimwuliza Nathanaeli la nini, akasema chungu peke yake kilionekana kimenuna. Sasa nikaliangalia sawasawa. Lilikuwa na fundo.

Nikamgeukia Nathanaeli. Alikuwa anakagua nyundo yake kama hajawahi kuiona.

"Wifi!" nikaita. "Kabla hujafika dirishani, tazama kando ya chungu. Nakuomba kwa lile."

Asteria akasimama. Miwani ikafanya kazi yake.

"Sale la rangi!"

"Sale ni sale."

"Halina utomvu!" akapiga kelele mwanamke mmoja wa benchi la nyuma.

"Sale haliulizwi utomvu," Mzee Fanueli akamjibu, maana naye alikuwepo, kwa habari ya mpini wake. "Linaangaliwa fundo. Na fundo lile ni la kwetu kabisa, nalijua."

"Hupewa mkononi!" Asteria akabisha.

"Au huchomekwa mlangoni," Mzee Fanueli akasema. "Na lile limechomekwa mlangoni pa serikali. Mama, mimi nimeombwa radhi mara nyingi, lakini sijawahi kuchorewa."

Ukumbi mzima ukaingia kwenye kesi hiyo. Wengine wanasema jani likichorwa linahesabika, wengine wanasema basi na mtu akichora ng'ombe tukamue. Athumani akakuna kidevu, akasema kwenye fomu hakuna sehemu ya sale. Asteria alisimama katikati, chungu kwapani, anatazama ukuta, ananitazama mimi, anamtazama mdogo wake. Kisha nikaona kona ya mdomo wake inapanda, na nikaogopa, kwa sababu namjua.

"Nimelipokea," akasema.

Nathanaeli akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu kwa kinyozi.

"Lakini libaki palepale," Asteria akaendelea, sasa anaongea kwa watu wote, kama mwenyekiti wa kwaya. "Hapohapo katikati, mkabala na mlango. Kila mwenye kesi kutoka Ugweno mpaka Bendera akija aulize, lile jani la nini? Na ajibiwe kwamba Ernesta wa Elibariki aliiba chungu cha mama mkwe, akamwimbisha wifi yake mazishi ya kuku, akaomba msamaha. Likishuka hilo jani, hata kwa siku moja, hata kwa kufutwa vumbi, kesi yangu imefufuka."

"Hata kwa kufutwa vumbi?" nikauliza.

"Utakuja kulifuta wewe mwenyewe, likiwa ukutani. Kila mwezi."

Nathanaeli hakusubiri. Alikwisha kupanda ngazi. Akaweka msumari wa pili, akapiga mara tatu, ta, ta, ta, na picha ikakaa sawa kama iliyozaliwa pale. Akabaki juu kidogo zaidi ya inavyohitajika, kiganja juu ya ubao, karibu na pengo. Hakuna aliyemharakisha.

Asteria akaja akaketi karibu nami, akanisukuma kwa nyonga nisogee. Akakipakata chungu. Akakipapasa mdomo, akakipapasa tumbo, akakichungulia. Kisha akakunja uso.

"Ernesta."

"Abee, wifi."

"Hiki kilikuwa na kifuniko."

"Kifuniko?"

"Kifuniko chake cha udongo, chenye kishikio. Kiko wapi?"

"Aa, kifuniko! Kifuniko, wifi yangu, tulia nikwambie ukweli mtupu. Mwaka ule wa mvua za El Nino, mto ulipokuwa unapanda mlima badala ya kushuka, alipita chatu mmoja, mkubwa, ana haraka zake, akasimama mlangoni akasema..."

"Kooorti!" Athumani akapaza sauti, na Mheshimiwa Salha akaingia.